Oort hakuipata maada ya giza mnayoisema

Wiki hii nimeambiwa mara mbili kwamba Jan Oort, mwanafalaki wa Uholanzi, aligundua maada ya giza (ile isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu) mwaka 1932 alipopima sahani ya galaksi yetu, yaani sehemu yake bapa yenye nyota nyingi. Mara ya pili aliyeniambia ana shahada ya fizikia. Basi, tuelewane.

Nyota jirani na Jua hazizunguki tu kitovu cha galaksi. Hupanda juu ya sahani, zikaishiwa kasi, zikavutwa kurudi, zikatokeza upande wa chini, kisha zikaanza upya. Anayezivuta ni kila kilichomo, king'ae kisingae. Pima kasi zao za wima, pima idadi ya nyota inavyopungua kadiri unavyopanda, utapata nguvu ya mvutano, masi inafuata.

Oort alipata takriban masi 0.09 za Jua kwa parseki moja ya ujazo (parseki ni kipimo cha umbali, kama miaka-nuru 3.26). "Maada ya giza" aliyoitaja ilikuwa gesi, vumbi na nyota hafifu ambazo darubini hazikuzifikia. Giza la kutoonekana tu! Mwaka 1984 mwanafalaki John Bahcall alidai kama nusu ya masi ya sahani haijulikani ilipo. Wanafalaki Kuijken na Gilmore wakampinga mwaka 1989, na data za setilaiti ya Hipparcos, iliyopima nyota, zikawapa haki.

Leo tunataja kama 0.1, na sehemu ya maada ya giza, ile ya kweli isiyo gesi wala nyota, ni kama 0.01. Hapo wengine huruka upande wa pili: "Kumbe haipo!" Ipo, ila imetawanyika kwenye halo kubwa, yaani wingu linaloizunguka galaksi nzima, haikujikusanya sahanini. Ndiyo maana msongamano wa masi katikati ya sahani hauwezi kulinganishwa na masi ya safu nzima, kutoka chini hadi juu ya sahani. Hesabu kila kitu hadi parseki 1,100 juu na chini, utapata kama masi 70 za Jua kwa parseki ya mraba, na sahani yenyewe inachangia kama 50 tu. Kadiri unavyopanda, giza linazidi kuhesabika. Anayechanganya namba hizi mbili asinitumie grafu yake.

Sasa aibu yetu. Hesabu zote hizi hudhani nyota zimetulia. Mwaka 2018 data za setilaiti ya Gaia zilionyesha msokoto, kama wa ganda la konokono, kwenye mwendo wao wa wima: sahani ilitikiswa na bado inayumba. Nami bado natumia mlinganyo wa utulivu, kwa kuwa ndio ninaoweza kuukokotoa. Halafu kuna gesi: hidrojeni ya molekuli hatuioni moja kwa moja, tunaikisia kupitia monoksidi ya kaboni, na kisio hilo ndilo linaloninyima usingizi.