Kiuno Kikishika: Uti wa Mgongo Ulivyo na Namna ya Kuutibu

Ukikaa asubuhi moja katika chumba cha tiba ya viungo hapa Lamu, utasikia neno "figo" mara nyingi kuliko neno "mgongo". Hamali anayeshusha saruji gatini, fundi wa kuchonga milango, mama aliyeshinda ameinamia karai la nguo: kiuno kikishika, wanachokiogopa kwanza ni figo. Wengine hufika wakiwa wameshapima mkojo mara mbili tatu na kunywa dawa za figo, ilhali figo zenyewe hazina neno.

Figo zina namna yake ya kuuma. Ziko juu kuliko watu wanavyodhani, karibu na mbavu za mwisho, na maumivu yake aghalabu huwa upande mmoja, yakifuatana na homa, kutetemeka, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu. Jiwe la figo huuma kwa mawimbi na mgonjwa hapati mkao wa kumtuliza. Akilala, akisimama, akizunguka chumba, hali ni ile ile. Maumivu ya mgongo wenyewe hufuata mwendo: huzidi ukiinama au ukikaa sana, hupungua ukibadili mkao. Kupima mkojo si vibaya, lakini ikiwa kiuno kinakuuma unapoinuka kwenye mbuzi ya nazi na kinatulia ukishatembea kidogo, figo zisiwe za kwanza kulaumiwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo 2050 huenda wakafika milioni 843. Kwa wengi wao, takriban 9 katika kila 10, hakuna mfupa uliovunjika, hakuna uvimbe wala ugonjwa wa ndani unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Jambo hili huwaudhi wagonjwa, kwa sababu mtu anayeumwa anataka aambiwe jina la kitu. Mimi naliona ni habari njema.

Mgongo ulivyoundwa

Mtoto huzaliwa na pingili 33, yaani vile vipande vya mfupa vinavyoujenga uti wa mgongo. Za shingo ni 7, za kifuani zinazobeba mbavu ni 12, za kiuno ni 5. Tano zinazofuata huungana kadiri mtu anavyokua zikawa mfupa mmoja ulioshikwa na nyonga pande mbili, na 4 za mwisho huwa kifandugu, ile ncha ya chini kabisa ya mgongo. Kwa hiyo kwa mtu mzima zinazocheza ni 24. Zile za kiuno ndizo kubwa na nene, kwa sababu ndizo zinazobeba kila kilicho juu yake.

Kati ya pingili na pingili kuna diski. Zipo 23, kwani pingili mbili za juu kabisa hazina diski kati yake. Diski ina ukuta mgumu wa nyuzinyuzi zilizopishana, na ndani yake ute mzito uliojaa maji. Mchana kutwa uzito wa mwili huyakamua maji hayo, na usiku ukilala hurudi. Ndiyo maana mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni, kwa sentimita moja au zaidi kidogo, na ndiyo maana mwenye kiuno kibovu huona taabu kuinama kuvaa viatu mara tu anapoamka. Diski imejaa wakati huo. Isitoshe, diski ya mtu mzima haina damu yake isipokuwa pembezoni. Chakula chake hupenya kutoka kwenye mifupa jirani, na ule mwendo wa kubanwa na kuachiliwa unapotembea husaidia kukipitisha.

Nyuma ya diski kuna mfereji, na humo umepita ugwe wa mgongo utokao kwenye ubongo. Watu hushangaa wakiambiwa kuwa ugwe huo hauteremki hadi chini. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini ni fungu la mishipa ya fahamu tu, iendayo miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, wenye unene wa karibu kidole gumba, huundwa na baadhi ya mishipa hiyo. Hupita ndani ya tako ukashuka nyuma ya paja. Ukibanwa au ukivimba pale unapoanzia, mgonjwa husikia moto au umeme kuanzia takoni hadi unyayoni, wakati mwingine kiuno chenyewe kisiume hata kidogo.

Lakini mifupa peke yake haisimami. Mlingoti wa jahazi huvumilia kusi kwa sababu ya kamba zilizoukaza pande zote, na mgongo nao husimamishwa na misuli: ile inayoteremka sambamba na pingili, ya tumbo, ya matako, na hata kiwambo cha pumzi kilicho chini ya mapafu. Misuli hiyo ikiachwa bila kazi hulegea upesi, na hapo kila mzigo mdogo huhisiwa mzito.

Karatasi ya MRI

Kutoka hapa kwenda Mombasa kupigwa picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Malindi, na fedha si haba. Mtu anarudi na karatasi imeandikwa kuwa diski imesagika au imetokeza nje. Kuanzia siku hiyo habebi tena mtoto wake. Anaacha kazi, anaogopa kuinama, anatembea kama aliyebeba mayai. Nimekutana na wanaume wenye nguvu zao waliolemazwa na karatasi kuliko walivyolemazwa na maumivu.

Lawama hii ya diski ina historia. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walieleza kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana mshipa uendao mguuni, na kwamba upasuaji unaweza kuufungua. Walikuwa sahihi kwa wagonjwa wale. Baadaye diski ikatwishwa kila kiuno kinachouma.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wa miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wa miaka 80 asilimia 96. Diski zilizotokeza zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wale wa miaka 20. Hawa wote walikuwa wazima, wanaendelea na shughuli zao. Mvi hazimuumi mtu, na mengi yanayoandikwa kwenye karatasi ile ni mvi za ndani.

Picha ina mahali pake. Inahitajika mguu ukipoteza nguvu, zikionekana dalili za hatari nitakazozitaja, au upasuaji ukiwa unafikiriwa. Mtu aliyeshikwa na kiuno juzi kwa kuinua ndoo hana haja nayo, hata akiwa na uwezo wa kuilipia.

Tiba yenyewe

Zamani tuliambiwa mgonjwa wa mgongo alale chali kwenye ubao mgumu wiki nzima. Ushauri huo umekufa, ingawa majumbani bado unaishi. Siku moja au mbili za kujilaza zinatosha ikiwa maumivu ni makali mno, kisha mtu ainuke, atembee kidogo kidogo, afanye kazi zake nyepesi. Maumivu mapya mengi hupungua sana ndani ya wiki chache. Kuuma kidogo unapoanza kutembea si ishara kwamba unajiharibu.

Kitambaa cha moto kinasaidia. Kukandwa na bibi kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu sina ugomvi nako, hulegeza misuli na mtu akapata usingizi. Chuku, vile vikombe au pembe za kuvuta ngozi, nazo huwapa wengine nafuu ya muda. Anayepigwa chuku za kuchanjwa ahakikishe wembe ni mpya, na mwenye selimundu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aziache. Ninachokikataa kabisa ni kukanyagwa mgongo au kuvutwa kwa nguvu wakati mguu una ganzi.

Sindano za maumivu ndizo zinazonitia wasiwasi. Mtu anaingia duka la dawa, anadungwa diklofenaki, anarudi kesho kudungwa tena. Dawa za jamii hiyo, pamoja na brufeni, hufaa kwa siku chache, lakini zikizoeleka hutoboa tumbo, hupandisha presha na huumiza figo. Huyo aliyeziogopea figo zake ndiye anayeziharibu. Tena sindano ya tako ikidungwa pasipo pake inaweza kuugusa ule mshipa mnene, na mtu akaondoka akiburura mguu.

Mazoezi hayahitaji vifaa. Tandika mkeka, lala kifudifudi, uinue kifua kwa kuegemea viwiko, utulie kidogo, urudi chini. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini, kisha inua matako hadi mapaja yanyooke sawa na kiwiliwili. Piga magoti na mikono chini, uupinde mgongo juu, halafu uushushe polepole. Anza na mara tano tano, uongeze kadiri mwili unavyokubali. Zoezi likiyasukuma maumivu yashuke zaidi mguuni, liache na umwone mtaalamu. Yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda, uko njia nzuri.

Na kutembea. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet uliwafuata watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na maelekezo walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla maumivu hayajarudi. Wenzao wasiopewa mpango huo walikaa siku 112. Lengo lilikuwa dakika 30, mara 5 kwa wiki, wakilifikia taratibu. Sisi tuna njia ya pwani kutoka mjini hadi Shela, kama kilomita 3, na upepo wa bure.

Wazee huniuliza kuhusu swala. Hukumu ya kuswali juu ya kiti waiulize kwa masheikhe. Mimi nasema la mwili tu: rukuu na sijda ni mwendo ambao mgongo mzima unauweza, na mgonjwa aliyekaa kitini kwa muda aendelee kujaribu kurudi chini hatua kwa hatua. Aanze kwa kushika meza anaposhuka, aweke mto chini ya magoti ikibidi.

Kuhusu kubeba: wako wanaoamini kuna namna moja tu sahihi ya kuinua mzigo. Mafunzo ya namna hiyo hayajaonyesha kuwa yanazuia maumivu. Linalofaa ni mzigo kuwa karibu na tumbo, kutojipinda ukiwa umebeba, na kuzoea uzito pole pole. Dumu la lita 20 ni kilo 20 zinazokuvuta upande mmoja. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni nafuu. Na hamali aliyepumzika Ramadhani nzima asirudi siku ya kwanza kubeba mifuko ya kilo 50 kama aliyekuwa hajasimama.

Upasuaji ni wa wachache. Hata maumivu ya mguu yatokanayo na diski, wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12, na kipande kilichotokeza mara nyingi husinyaa chenyewe. Anayeendelea kuteseka baada ya hapo, au anayezidi kupoteza nguvu za mguu, huyo azungumze na daktari wa upasuaji.

Yasiyongoja

Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo kukataa kutoka au kuvuja bila habari, haja kubwa kutozuilika, miguu yote miwili kulegea: hilo fungu la mishipa ya chini limebanwa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kuna bahari ya kuvuka. Kuchelewa kunaweza kumwachia mtu ulemavu wa maisha.

Maumivu yanayozidi usiku, kukonda, homa za jioni na jasho huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na bado tunao. Pingili huoza, mgongo ukapinda kwa nundu, miguu ikapooza. Dawa zake katika vituo vya serikali hutolewa bure. Wanaokunywa maziwa mabichi wakumbuke brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ambao nao hupenda pingili za kiuno. Aliyewahi kuugua saratani, au mzee aliyeanguka kidogo tu na mgongo ukamshika ghafla, achunguzwe mapema.

Kuna majeraha mawili ya kwetu. La kwanza ni la boti za mwendo kasi. Msimu wa kusi, boti ikipaa juu ya wimbi na kushuka kwa kishindo, aliyekaa omo, mbele ya boti, hupokea pigo lote kwenye kitako, na pingili iliyo kati ya kifua na kiuno inaweza kupondeka. Wazee, wajawazito na wenye mgongo wakae tezi, yaani nyuma, na nahodha apunguze mwendo, abiria wasione haya kumwambia.

La pili ni la mkwezi aliyeanguka mnazini. Usimkalishe, usimpe maji, usimbebe mgongoni wala usimpakie punda. Mmoja amshike kichwa kisigeuke, wengine watatu au wanne wamgeuze mwili mzima kwa pamoja kama gogo, wamtelezeshee ubao au mlango chini yake. Afungwe juu ya ubao huo kwa leso kifuani, nyongani na miguuni, kichwa kikizuiwa kwa nguo zilizokunjwa pande mbili, na asitolewe juu yake mpaka hospitali.