Choo kinajaa kila masika? Udongo haukupimwa

"Jenga tangi kubwa, halitajaa."
Hii ndiyo dhana inayokula pesa za watu. Tangi la septiki si ghala. Humo uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kunyonya au mtaro wa kokoto. Tangi likishajaa mara ya kwanza, mkimwaga lita 500 kwa siku zinatoka kama 500 hizo hizo. Udongo ukizikataa, gari la kuvuta maji taka litakuwa mgeni wako wa kila mwezi, hata tangi liwe na ukubwa wa sebule.

"Fundi anaujua udongo kwa macho."
Macho yanatofautisha kichanga na mfinyanzi, hilo nakubali. Lakini hayasemi maji yanashuka kwa kasi gani, na kasi ndiyo inayotoa ukubwa wa mtaro.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kwa utaratibu wa Uingereza, unachimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina 30, kwenye usawa ambako maji yatanyonywa. Kijaze, kiache usiku kucha udongo ushibe. Kesho yake jaza tena, uhesabu muda wa maji kushuka kutoka robo tatu ya kina hadi robo. Tuseme ni dakika 50, yaani sekunde 3,000. Gawanya kwa milimita 150 zilizoshuka: sekunde 20 kwa kila milimita. Zidisha kwa idadi ya watu wa nyumba, tuseme 6, kisha kwa 0.25 ambayo ni namba ya kudumu ya utaratibu huo, unapata mtaro wenye sakafu ya mita za mraba 30. Rudia mara tatu, kwenye vishimo viwili au zaidi. Wavivu huruka ule usiku wa kushibisha, na ardhi kavu hunywa kwa pupa, ikawapa jibu la uongo.

"Jirani yangu hana shida, basi na mimi sina."
Hatua ishirini tu zinatosha kukutoa kwenye kichanga na kukutia kwenye mfinyanzi.

"Maji yakipotea haraka, ndiyo bahati."
Kwa hesabu ile, sekunde kwa kila milimita zinazofaa ni kati ya 12 na 100. Zikiwa chini ya 12, maji yanapita kabla hayajachujwa. Kwenye mchanga mtupu au mawe ya matumbawe yenye nyufa, kama Unguja, yanaweza kuishia kisimani. Ndiyo maana miongozo mingi hutaka choo kikae walau mita 30 kutoka kisima.

"Nilipima Septemba, yakashuka vizuri."
Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi, nyufa zikameza kila kitu. Masika huvimba na kuziba. Maji ya ardhini nayo hupanda. Kama ni lazima upime kiangazi, chimba shimo la mita 2 hivi ukague kuta zake. Madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu huonyesha maji hufika wapi mvua zikikolea, na kitako cha shimo la kunyonya kinatakiwa kiwe walau mita 1.5 juu ya hapo.