Turbo ya kuendesha kila siku: acha kuhesabu farasi

Karibu wote wanaonipigia simu nikawakagulie gari la turbo huanza na farasi. "Fundi, hili lina mia tatu." Mimi huuliza jambo jingine: torki yake, yaani ile nguvu ya kusukuma, inafika injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi kwa dakika? Subaru WRX STI ya mwisho hutoa farasi wake 308 kwenye mizunguko 6,400. Niambie ni wapi kati ya Dagoretti Corner na mjini Nairobi utaishikilia injini huko. Saa mbili asubuhi kwenye Ngong Road injini yako inaishi kati ya 1,500 na 3,000, na kama gari halina la kukupa humo, limekunyima raha siku tano za juma.

Turbo huendeshwa na moshi. Moshi wa ekzosi huzungusha panga la upande mmoja, na panga la pili lililo kwenye shafti ileile huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa, na gari linachomoka. Turbo kubwa inataka moshi mwingi kabla ya kuchangamka, ndiyo maana unakanyaga, unangoja, halafu unabandikwa kwenye kiti. Turbo ndogo huamka mapema, ila mizunguko ikipanda sana huishiwa pumzi. Mwenye kwenda kwenye mashindano achukue ya kwanza. Anayepeleka watoto shule kisha apitie Southern Bypass kuelekea kazini achukue ya pili, na hapo sina mjadala.

Sasa tazama namba za kiwandani. WRX STI ya kizazi cha mwisho, ile inayojulikana kwa msimbo wa VAB, ina torki ya Nm (newton-mita) 422, lakini kilele chake kiko kwenye mizunguko 4,400. WRX S4, ndugu yake wa otomatiki, ina Nm 400, ila zinaanza 2,000 na kudumu mpaka 4,800. Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba ina Nm 350 kuanzia 1,500. Suzuki Swift Sport ya msimbo wa ZC33S ina Nm 230 kuanzia 2,500, na yenye gia za mkono ina uzito wa kilo 970. Hiyo namba ya mwisho irudie. STI ina kilo 1,490 hivi. Kwa uzito huo wa Swift, Nm 230 si kidogo hata kidogo.

Wakazi wa Nairobi wana sababu yao ya ziada ya kupenda turbo. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini ya kawaida inavuta hewa iliyopo, basi. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu zinapungua, na ukipanda Limuru zinapungua zaidi. Turbo huongeza kasi na kufidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Gharama yake ni joto. Hewa ikishindiliwa huwa moto, na hewa ya moto ni adui wa injini hizi, ndiyo sababu kuna intakula ya kuipoza. Subaru huiweka juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti. Kwenye foleni haipati upepo. Inapokea joto la injini tu. Kwa hiyo ukitoka kwenye msongamano ukakanyaga, gari huwa zito. Nimeletewa magari ya namna hiyo na wenyewe wakiwa wameshaambiwa wanunue turbo mpya, kumbe ni intakula iliyokaa joto. Liache gari litembee kidogo lipate upepo, kisha ujaribu tena.

Jambo ambalo madalali hawaligusi ni petroli. Super yetu Kenya ni ya oktani 93. Petroli ya daraja la juu kule Japani, ambayo STI, S4 na hata Swift Sport ziliwekewa mipangilio yake, ni ya oktani 98 hadi 100. Oktani ikiwa ndogo, mchanganyiko wa hewa na petroli hujiwasha wenyewe ndani ya silinda kabla ya moto wa plagi kuufikia, na pistoni inapigwa nyundo kutoka juu. Kompyuta ya injini ina sikio la kusikia mgongano huo, na ikiusikia huchelewesha cheche. Injini inapona, baadhi ya farasi uliowalipia hawaonekani. Gari likiwa na mipangilio ya kiwandani, kinga hiyo ipo. Likiwa limefanyiwa tyuni na mtu aliyetaka namba ya kutamba nayo, kinga hiyo huenda ililegezwa au ikazimwa kabisa, na hapo ndipo pistoni hutoboka.

Kwa hiyo usicheke nikikutajia Subaru Levorg ya 1.6. Ina farasi 170 tu, Nm 250 kuanzia mizunguko 1,800, na huko Japani ilitengenezwa kunywa petroli ya kawaida, yenye oktani ya chini kuliko super yetu. Hapa kwetu inatoa kila kitu ilichokuja nacho. Si gari la kukutoa jasho, giaboksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, na mwili ni mzito, lakini mtu akiniambia anataka turbo, nafasi ya mizigo na usingizi mzuri, namwelekeza huko.

STI yenyewe naipenda, nisionekane ninaipiga vita. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na sisi tuliokua tukisimama kando ya barabara kumeza vumbi lao hatujapona. Ila wengi wananunua kumbukumbu hiyo, halafu wanakasirika wakiwasha gari. Ule mngurumo wa kukatakata waliouzoea ulitokana na mabomba ya ekzosi yasiyo na urefu sawa. VAB ya Japani ina mabomba yaliyosawazishwa kwa ajili ya turbo yake, kwa hiyo inalia kistaarabu. Mwenye gari anakwenda kukata ekzosi kutafuta sauti isiyokuwamo, na majirani ndio wanaoumia.

Injini yake, EJ20, ilianza mwaka 1989 na ikafikia mwisho na gari hilo Desemba 2019, ikiagwa kwa toleo maalumu la magari 555. Ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na anayeuza "bila historia" umhesabie kwamba haujabadilishwa. Klachi ni nzito. Foleni ya Waiyaki Way itakufundisha mguu wako wa kushoto una misuli gani. Tena kwa sheria yetu ya miaka 8, gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 linaruhusiwa kuingia nchini mwisho mwaka 2026. Baada ya hapo ni kununua zilizokwisha kuwa hapa, na nyingi za hapa zimepita kwa vijana kadhaa, kila mmoja na fundi wake na kompyuta yake ya mkononi. Tanzania hakuna katazo kama hilo, gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa umri, kwa hiyo wenzetu wa Dar bado wana uchaguzi mpana. Kama una gari jingine la kazi, nunua STI na ufurahi. Kama ndilo gari pekee la nyumbani, sikushauri.

S4 inaondoa taabu ya klachi na kuleta CVT, ambayo kwa dereva anayetaka kucheza ni kama kula pilau bila pilipili. Lakini mjini ni tulivu na ina nguvu mapema, na injini yake ya FA20 inatumia cheni badala ya mkanda. Oili ya hiyo giaboksi wengi huambiwa ni ya maisha. Maisha ya nani? Mimi hushauri ibadilishwe kabla ya kilomita 60,000, na joto letu halinifanyi nibadili mawazo. Injini hiyohiyo, ikiwa na farasi 280, imo kwenye Forester XT ya 2012 hadi 2018, inayosimama milimita 220 kutoka ardhini. Si gari la spoti, sawa. Ila kama barabara ya kwenu inaishia kwenye mawe, ndiyo spoti utakayoweza kufika nayo nyumbani.

Kwa anayetaka gari moja tu la kufanya kila kitu, chaguo langu ni Golf GTI ya kizazi cha saba, hasa iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2017 na kupata farasi 230. Torki iko chini kabisa unapoihitaji, kiti cha nyuma ni cha watu wazima, na breki zake zinatosha kwa injini yake. Watu huiogopa kwa sababu ya sifa mbaya ya giaboksi ya DSG, ile otomatiki ya klachi mbili. Sifa hiyo nyingi ni ya DSG ya gia saba yenye klachi kavu, inayofungwa kwenye Golf za injini ndogo. Ile ya gia sita kwenye GTI ina klachi zinazoogelea ndani ya oili, ni kitu kingine, mradi oili na filta yake zibadilishwe kila kilomita 60,000. Udhaifu ninaoutafuta kwanza ni pampu ya maji na kasha lake la plastiki, ambalo huanza kuvuja taratibu: kulenti, yale maji ya kupoza injini, inapungua na chini ya gari hakuna tone. Jambo la pili ni spea. Za Subaru utazipata Kirinyaga Road kabla chai haijapoa. Za GTI jiandae kuagiza na kungoja.

Na sasa Swift Sport, ambayo wateja wangu huidharau mpaka waiendeshe. Mwendo wa juu kisheria hapa ni kilomita 110 kwa saa, mjini 50. Katika STI, gia ya pili ikianza kunoga tayari unatafutana na askari. Katika Swift unaweza kuitumia injini yote, kubadili gia tatu, kukata kona za Red Hill Road gari likikuitikia mikononi, na bado uko ndani ya sheria. Wepesi huo unafika kwingine pia: matairi, breki na petroli vyote vinaisha polepole kuliko kwenye gari la tani moja na nusu. Injini ina cc 1,371, kwa hiyo wakati wa kuiingiza nchini inaangukia daraja la ushuru wa bidhaa la asilimia 20, la injini zisizozidi cc 1,500, wakati hizo nyingine zote zinalipa 25. Otomatiki yake ni ya gia sita za kawaida, si CVT, lakini ukinunua gari hili bila gia za mkono umejinyima. Kasoro zipo: liko milimita 120 tu kutoka ardhini, na matuta ya mitaani kwetu, yale yanayomwagwa usiku na wakazi wenyewe, utayapita kimshazari au utaacha bampa hapo. Buti ni ndogo, na kwa upande wa petroli, nalo lilizoea ya daraja la juu.

Ukishachagua aina, kazi bado. Gari zuri la jina dogo ni bora kuliko gari bovu la jina kubwa, na ubovu wa turbo haujifichi kwa anayejua pa kutazama. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna mlio wa injini baridi ambao hawataki uusikie. Likiwashwa baridi, sikiliza sehemu ya chini ya injini: kugonga kuzito kunakoongezeka ukikanyaga ni beringi, na hapo aga uondoke. Moshi wa bluu unaotokea ukiachia mguu kwenye mteremko ni oili inayoungua, ama inapita kwenye sili za valvu ama kwenye turbo yenyewe. Fungua bomba linaloingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa sababu shafti huelea kwenye oili; ikicheza kwenda mbele na nyuma, au panga likiwa limekwaruza ukuta wake, imekwisha. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ndiyo maana mimi sikubali oili ipite kilomita 5,000 kwenye turbo yoyote, hata kopo liandikwe nini.

Kisha kompyuta. Kwenye S4 naunganisha mashine kusoma kile kizidishi ambacho injini hutumia kuamua cheche iwahi kiasi gani. Kikisoma 1, injini ina imani na petroli yake. Kikiwa chini ya hapo, imekuwa ikisikia migongano, na muuzaji ana maswali ya kujibu. Kwa lililotoka Japani, dai karatasi ya mnada na uisomeshe kwa mtu anayejua Kijapani asiyemjua muuzaji. Herufi R mahali pa alama maana yake gari limewahi kupigwa na kutengenezwa, na kilomita zilizoandikwa hapo uzilinganishe na za kwenye dashibodi.

Kama gari limebadilishwa ekzosi, intakula au mipangilio, uliza vifaa vya kiwandani viko wapi. Mwenye gari makini amevihifadhi kwenye boksi na anakupa pamoja na funguo. Asiye navyo, toa gharama yake kwenye bei kabla ya kuanza kujadiliana jambo jingine lolote.