Hewa ya ukaa inaongezeka, na chanzo si gesi ya Rungwe

Watu wa Rungwe wana haki ya kuuliza. Wilayani kwao hewa ya ukaa (kaboni dayoksaidi) hutoka yenyewe ardhini, jirani na milima ya volkano, na kwa miaka mingi imekuwa ikivunwa, ikasafishwa na kusafirishwa kwenda viwanda vya vinywaji. Povu la soda inayonyweka Mwanjelwa, Mbeya, huenda limeanzia chini ya migomba ya Busokelo. Basi wanatuuliza: kama ardhi yenyewe inatema gesi hii, kwa nini binadamu ndiye anayelaumiwa kwamba anaiongeza angani na kuipasha dunia joto?

Jibu liko kwenye kiasi. Volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, hazifikishi hata asilimia mbili ya gesi inayotokana na shughuli za watu. Kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, pamoja na kutengeneza saruji, hutoa takriban tani bilioni 37 kila mwaka. Kufyeka misitu na kubadili matumizi ya ardhi kunaongeza tani bilioni kadhaa juu ya hizo. Halafu kuna ushahidi ambao wengi hawajausikia: oksijeni ya angani inapungua. Inapungua kidogo sana, hakuna atakayekosa pumzi, lakini vipimo vya miongo mitatu iliyopita vinaonyesha upungufu unaoendana na uchomaji huo. Moto hula oksijeni. Volkano hutoa hewa ya ukaa bila kuila.

Mwaka 1958 mwanasayansi wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kuipima gesi hii kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta sehemu kama 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika yanatuambia kwamba kabla ya zama za viwanda zilikuwa kama 280. Ni kiasi kidogo, kweli, lakini naitrojeni na oksijeni, zilizojaza karibu anga lote, haziwezi kulizuia joto linalopanda kutoka ardhini. Hewa ya ukaa inaweza, na jambo hilo lilithibitishwa maabara na John Tyndall mwaka 1859. Si nadharia ya juzi.

Tuje barabarani kwetu, TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia. Chukua lori linalotumia lita 40 za dizeli kwa kila kilomita 100. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita kama 830, litachoma lita zaidi ya 330. Kila lita hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa, kwa hiyo lori hilo moja likifika Uyole limeshaacha nyuma karibu kilo 900. Watu hushangaa: lita yenyewe haifiki kilo moja, hizo nyingine zimetoka wapi? Kila atomu ya kaboni iliyomo kwenye dizeli hujiunga na atomu mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni nayo ina uzito wake.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Kuna kaboni inayozunguka na kaboni iliyozikwa. Muhindi ukikua unavuta hewa ya ukaa, ukioza au ukiliwa inarudi angani, msimu ujao inavutwa tena. Ni kama fedha ya kikoba inayokopwa na kurejeshwa: imehama mikono, mfuko haujaongezeka. Makaa ya mawe ya Kiwira, ya Ngaka kule Mbinga na ya Mchuchuma wilayani Ludewa ni mimea iliyozikwa kabla hata binadamu hajakuwapo duniani. Ukiyachimba na kuyachoma umeingiza kwenye mzunguko kaboni ambayo haikuwamo kabisa. Bahari na mimea hupokea zaidi kidogo ya nusu ya tunachotoa. Kinachosalia hubaki angani, na sehemu yake itakaa kwa karne nyingi. Saruji ina kesi mbili kwa pamoja: kuna moto wa tanuru, na kuna chokaa yenyewe, ambayo ikiunguzwa huachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe.

Nisieleweke vibaya. Mtanzania mmoja kwa wastani hatoi hata nusu tani kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa ya mawe. Wastani wa dunia unazidi tani nne, wa Marekani unazidi kumi na tatu. Mama lishe wa Soweto, Mbeya, hana deni la kulipa mbele ya mataifa hayo, na mtaalamu anayemhubiria kana kwamba analo anapoteza muda wa wote wawili. Dawa kubwa ni ya wachomaji wakubwa: kuachana na makaa ya mawe na mafuta, kutumia umeme wa maji, jua, upepo na jotoardhi, mfano ile ya Ngozi inayoendelea kufanyiwa utafiti, na kuhamishia mizigo kwenye reli. TAZARA ipo na inapita hapahapa.

Lakini Nyanda za Juu Kusini tuna hazina ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni udongo. Udongo wa dunia umebeba kaboni nyingi kuliko mimea yote na anga kwa pamoja. Kwetu hazina hiyo imejaa mabondeni, kwenye ule udongo mweusi wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vya Iringa na Njombe. Ni mweusi kwa sababu maji yalizuia mabaki ya mimea yasioze. Ukichimba mifereji na kulikausha bonde, hewa inaingia, vijidudu vinaanza kula, na kaboni iliyohifadhiwa kwa karne nyingi inaondoka kimyakimya bila hata moshi. Simwambii mkulima aache kinyungu, maana ndicho kinachompa mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Namwomba asikaushe bonde lote: aache chemchemi na kando za kijito na majani yake. Na milingoti (mikaratusi) isipandwe bondeni. Inakunywa maji mengi, na bonde likikauka kaboni ya udongo inayopotea yaweza kuizidi iliyomo kwenye magogo.

Nyasi za Kitulo, hifadhi ya uwanda wa maua, ziko katika hesabu hiyohiyo. Mtu akiona uwanda usio na miti hudhani panahitaji kupandwa. Sivyo. Chini ya maua yale kuna mizizi na udongo uliojaa kaboni, na ukilima panapotea yote mawili. Wamatengo wa Mbinga waliligundua hili kwa njia yao zamani: kwenye ngoro, mashamba yao ya mashimo mteremkoni, hufukia nyasi chini ya udongo badala ya kuzichoma, shamba likapata rutuba na mteremko ukatulia.

Maji ya milima hii yana kesi nyingine. Yanashuka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanafika Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Yalipopungua, kama mwaka 2006 na 2011, nchi ilipata mgawo wa umeme na kugeukia mitambo ya gesi na mafuta. Kwa hiyo chanzo cha maji kinachokaushwa huku juu kinaweza kugeuka moshi wa mtambo kwingine.

Miti je? Ipandwe, hasa kwenye ardhi iliyochoka. Misindano ya Sao Hill na ya wananchi wa Mufindi ina faida yake: mbao zikiezeka nyumba, kaboni inakaa paani miaka mingi. Zikiishia kuni, inarudi angani mwaka huohuo. Kupanda baada ya kufyeka miombo si faida, hata kidogo. Miombo iliyokatwa matawi ikaachwa ichipue hupona yenyewe, mradi moto usipite kila mwaka. Na mkaa ukichomwa kwenye tanuru la kienyeji, hutumia kilo tano hadi kumi za kuni kwa kilo moja ya mkaa. Gesi ya mtungi nayo inatoka kwenye mafuta na gesi asilia, tusidanganyane, ila madhara yake ni madogo kuliko ya mkaa wa msitu usiochipua.

Mwisho, biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza msitu ili kaboni yake isirudi angani. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimeshapata fedha kwa kutunza msitu wao, na sasa madalali wanazunguka mikoa yetu pia. Serikali ilitoa kanuni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Kabla kijiji hakijasaini, mkutano mkuu uulize: mkataba ni wa miaka mingapi, nani anapima, kijiji kinapata asilimia ngapi, wafugaji watapitia wapi, na msitu ukiungua Oktoba hasara ni ya nani. Dalali akishindwa kujibu hilo la mwisho, aondoke na karatasi zake.