Linki za Bidhaa kwa Anayeuza kwa Kamisheni: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Ukimuuliza mtu anayetangaza bidhaa za wengine mtandaoni kwa kamisheni saa zake huishia wapi, mara nyingi hatataja uandishi wala upigaji picha. Atataja linki: kuingia kwenye dashibodi (ukurasa wa akaunti yake ya kamisheni), kutafuta bidhaa, kubofya, kunakili, kurudi kwenye makala, kubandika, kisha kuanza upya kwa bidhaa inayofuata. Sehemu kubwa ya adha hiyo, kwa maoni yangu, hutokana na kuiona linki kama kitu kisichofunguka, ilhali ni anwani yenye sehemu zinazosomeka, na anayezisoma anaweza kuziunganisha mwenyewe.

Dhana potofu: Kila linki lazima itolewe na kitufe cha dashibodi.

Kitufe ni msaada tu. Tuichukue Amazon, ambayo programu yake ya washirika, yaani ya wanaotangaza bidhaa zake kwa kamisheni, ilianza mwaka 1996. Anwani ya bidhaa inayoonekana juu ya kivinjari inaweza kuwa ndefu ajabu, lakini zinazohitajika ni sehemu chache: jina la tovuti, kisha /dp/, kisha ASIN, yaani msimbo wa Amazon wa kutambulisha bidhaa, wenye herufi na tarakimu 10, kisha ?tag= ikifuatwa na kitambulisho cha mshirika, ambacho kwa tovuti ya Marekani huishia na -20 na kwa ya Uingereza na -21. Maneno yaliyo kabla ya /dp/ ni jina la bidhaa lililowekwa kwa ajili ya macho ya watu na injini za utafutaji; mlolongo unaoanzia na ref= ni alama za njia uliyopita ulipokuwa ukitafuta. Vyote viwili vikiondolewa, ukurasa hufunguka vilevile.

Ukishalijua hilo, lahajedwali (kama Excel) linafanya kazi yote. Weka misimbo ya ASIN kwenye safu ya A, kitambulisho kwenye safu ya B, na kwenye safu ya C andika fomula hii:

="https://www.amazon.com/dp/"&A2&"?tag="&B2

Ivute hadi chini. Linki 100 hupatikana kwa muda uleule wa linki moja, na siku kitambulisho kitakapobadilika, utabadilisha safu moja badala ya kurudia yote.

Dhana potofu: Kwa mitandao ya washirika, inatosha kubandika anwani ya bidhaa mwishoni mwa linki ya mtandao.

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, tena makosa yasiyopiga kelele. Mitandao kama Awin, inayowaunganisha washirika na maduka mengi, huweka anwani ya duka ndani ya anwani yake yenyewe: kuna namba ya duka, namba yako, na mwishoni kigezo (kipande cha anwani chenye jina, alama ya = na thamani) kiitwacho ued chenye mahali mteja anapopaswa kufika. Tatizo ni kwamba anwani ya duka nayo huenda ina alama za ? na & zake. Chukua ukurasa wa kiatu unaoishia na ?rangi=bluu&saizi=42. Ukiubandika ulivyo, seva ya mtandao itaisoma & kama mwanzo wa kigezo chake yenyewe; itapeleka sehemu iliyo kabla yake na kuiacha iliyobaki. Mteja atafika kwenye kiatu cha bluu, lakini saizi imepotea njiani. Mbaya zaidi ni pale kinachokatwa kinapokuwa ndicho kinachotambulisha bidhaa yenyewe, kwa sababu mteja huishia kwenye orodha ya jumla au kwenye ukurasa wa kosa.

Dawa yake ni kuisimba anwani ya ndani, yaani kuziandika alama zake maalum kwa misimbo, kabla ya kuipachika: alama ya : huwa %3A, mkwaju (/) huwa %2F, ? huwa %3F, = huwa %3D, na & huwa %26. Hakuna haja ya kukariri, kwani Excel na Google Sheets zote zina fomula ya ENCODEURL inayofanya hivyo kwa seli nzima. Angalizo moja: usisimbe mara mbili. Alama ya % nayo husimbwa kuwa %25, kwa hiyo ukiona %252F popote kwenye linki, ujue fomula imepita juu ya anwani iliyokuwa tayari imesimbwa.

Mtego mwingine unaofanana na huo ni alama ya #. Chochote kinachoifuata hubaki ndani ya kivinjari na hakitumwi kwa seva. Kitambulisho kikiandikwa baada ya #, duka halitakiona kamwe, ingawa wewe unakiona kwa macho yako.

Dhana potofu: Bidhaa hutafutwa kwa jina.

Jina ndilo njia ya polepole kuliko zote, maana bidhaa moja huandikwa kwa majina matano tofauti katika maduka matano. Namba haibadiliki hivyo. Tafuta kwa namba ya modeli, au kwa tarakimu 13 za EAN zilizo chini ya mistari ya msimbopau, au kwa ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ikiwa ni kitabu. Kwa vitabu vingi vya karatasi, ASIN ya Amazon ni ileile ISBN ya tarakimu 10, hivyo anayeandika kuhusu vitabu anaweza kutengeneza linki bila hata kufungua duka. Isipokuwa vile ambavyo ISBN yake ya tarakimu 13 huanza na 979, kwa kuwa hivyo havina ISBN ya tarakimu 10.

Kwa kazi kubwa zaidi, mitandao mingi hutoa orodha ya bidhaa katika faili la CSV (jedwali la maandishi linalofunguka kwenye lahajedwali) lenye namba, jina, bei, upatikanaji, na mara nyingi linki iliyokwisha kuwekewa kitambulisho chako. Nashangaa ni wangapi hawajawahi kulipakua. Bei zilizomo huchakaa upesi, kwa hiyo litumie kwa linki, si kwa kunukuu bei.

Dhana potofu: Linki ikifunguka, inafanya kazi.

Kufunguka na kuhesabiwa ni mambo mawili. Duka hufungua ukurasa hata kitambulisho kikiwa kimekosewa, kwa sababu halina sababu ya kumzuia mnunuzi. Niliwahi kuandaa orodha nzima ya linki ndani ya programu ya uandishi badala ya lahajedwali, nayo programu ikageuza kistari kifupi cha kitambulisho kuwa kistari kirefu, kama inavyofanya kwa sentensi za kawaida. Kila linki ilifunguka vizuri. Ripoti ilibaki na sifuri kwa wiki kadhaa, na mimi nikiwalaumu wasomaji, hadi nilipoziweka anwani mbili juu na chini na kuzilinganisha herufi kwa herufi.

Tangu hapo mimi hujaribu linki moja ya kila kundi katika dirisha la faragha, nikatazama anwani ya mwisho baada ya ukurasa kutulia kuona kama kitambulisho kimefika, kisha siku inayofuata nikatazama kama kubofya huko kumeandikwa kwenye ripoti. Kununua kupitia linki yako mwenyewe si njia ya kujaribu. Amazon na programu nyingine nyingi za washirika hukataza jambo hilo. Ili ripoti iwe na maana, weka pia alama ya mahali linki ilipo: Awin huiita clickref, mtandao wa CJ huiita sid, eBay huiita customid, na kwa Amazon hutumika vitambulisho tofauti vya ufuatiliaji. Hiyo ni safu moja zaidi kwenye lahajedwali.

Dhana potofu: Linki fupi daima ni bora.

Ufupi una gharama. Google ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaachana na huduma yake ya kufupisha linki, goo.gl, na waliokuwa wametawanya linki zake kila mahali wakabaki wakitegemea uamuzi wa mwingine. Masharti ya Amazon nayo hukataza kutumia ufupisho unaomficha mteja kwamba anapelekwa Amazon. Ukiamua kuelekeza kupitia kikoa chako (jina la tovuti yako), tumia msimbo 302 au 307, ambayo ni majibu ya seva yenye maana ya uhamisho wa muda. Msimbo 301 maana yake ni uhamisho wa kudumu, na vivinjari huweza kuukumbuka, hivyo ukibadilisha duka kesho, msomaji wa jana huenda akapelekwa bado kule kwa zamani.

Dhana potofu: Kila rangi na kila saizi inahitaji linki yake.

Kwa kawaida haihitaji. Amazon, kwa mfano, huhesabu manunuzi mengine yanayostahili ndani ya saa 24 baada ya kubofya, si bidhaa uliyoielekeza peke yake.

Dhana potofu: Programu ya kukagua linki zilizokufa itaniambia zote.

Itakuambia zile zinazorudisha kosa la 404, yaani ukurasa haupo. Bidhaa iliyoisha au iliyoondolewa sokoni mara nyingi huacha ukurasa wake ukiwa hai, wenye msimbo 200 (maana yake ukurasa umefunguka sawasawa) na maneno madogo kwamba haipatikani kwa sasa. Maduka mengine humrudisha mteja kwenye ukurasa wa mwanzo bila kusema lolote. Programu huona kila kitu ni shwari. Kwa hiyo panga linki zako kwa idadi ya kubofywa, na zile 20 za juu zifungue kwa mkono mara moja kwa mwezi; zilizobaki ziachie programu.