Je, wajua kwa nini wanafalaki wa zamani walijenga vipimapembe vikubwa kuliko nyumba?

Chukua kipimapembe cha mtoto wa shule, kile cha plastiki. Kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita 5, na nafasi ya nyuzi moja pale ukingoni haifiki hata milimita 1. Sasa, Wababeli waliokuwa wakihesabu kwa 60 walituachia duara la nyuzi 360, na kila nyuzi ina dakika 60 (dakika za pembe, si za saa, ingawa ni ndugu). Jaribu kuchora mistari 60 ndani ya hiyo milimita. Ncha ya sindano yenyewe ni nene mno.

Shida hiyo ilimkabili mwanafalaki al-Khujandi mjini Rayy, karibu na Tehran ya leo, mwaka 994. Alitaka kujua njia ya jua imeinama kiasi gani. Kanuni ni nyepesi: pima kimo cha jua adhuhuri siku linapopanda juu kabisa mwezi Juni, pima tena linapokuwa chini kabisa Desemba, toa, kisha gawa kwa mbili. Kazi iko kwenye dakika. Ukikuza kipimo, pembe inabaki ileile. Mistari ndiyo inayoachana. Basi akajenga tao lenye nusukipenyo cha mita 20 hivi ndani ya jengo la giza, na tundu moja juu. Jua likipita, mwanga wake unaanguka kwenye tao kama kisahani, naye anasoma katikati yake. Nyuzi moja ilichukua karibu sentimita 35. Tao lilikuwa sehemu ya sita ya duara, likaitwa kwa Kiarabu suds, ambayo ni sudusi yetu.

Akapata nyuzi 23, dakika 32 na sekunde 19 (dakika moja ya pembe ina sekunde 60). Zilipungua kama dakika 2 kuliko pembe ya kweli. Mwanazuoni al-Biruni, aliyefahamiana naye, alitaja sababu: kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, tundu lilikuwa limeshuka kiasi cha shubiri. Jengo lilititia kwa uzito wake! Ukubwa uleule aliouhitaji ndio uliomponza.

Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand (katika Uzbekistan ya leo), alijenga sudusi yake miaka ya 1420, yenye nusukipenyo cha mita 40 hivi. Hapo nyuzi moja ni sentimita 70, na dakika moja inazidi sentimita 1, hata mzee asiyeona vizuri angeisoma. Sehemu ya chini ya tao ilichimbwa ndani ya kilima, isipate pa kutitia. Jibu lake, nyuzi 23, dakika 30 na sekunde 17, lilikosea kwa kama nusu dakika tu, na darubini ilikuwa bado haijabuniwa.

Aliuawa mwaka 1449 na jengo likabomoka, mpaka mahali pake pakasahaulika. Mwaka 1908 mwanaakiolojia Vasily Vyatkin alipafukua, akakuta tao bado limekaa sawasawa ndani ya mtaro wake: ile sehemu ya chini, iliyozikwa kilimani.