"Ni Uzee Tu": Maswali na Majibu Kuhusu Wazee Wanaosahau

Upungufu mdogo wa kumbukumbu ni nini?
Mzee anasahau au anachelewa kufikiri kuliko wenzake wa umri wake, lakini bado anajimudu: anapika, anaswali, anakwenda soko la Mgandini na kurudi. Akishindwa shughuli hizo, hapo tunazungumzia demensia.

Wako wengi?
Wengi. Mwongozo wa madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani wa mwaka 2018 unakadiria karibu 7 kwa kila 100 wenye miaka 60 hadi 64, 10 wenye miaka 70 hadi 74, na 25 wenye miaka 80 hadi 84.

Basi si ni uzee tu?
Hapana. Hata kwenye miaka 80 na kitu, wengi hawana hali hii. Kusahau jina la jirani kisha likaja baadaye, huo uzee. Kuuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, au hesabu za kikoba kumpotea mtu aliyezishika miaka yote, huo si uzee. Mleteni kliniki.

Tena mlete mapema, kwa sababu mara nyingine chanzo kinatibika: tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, sonona, masikio yasiyosikia, upungufu wa vitamini B12 (hasa kwa aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi). Na dawa! Piritoni ya kila usiku "ili alale", valiamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) ya kuazimana, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu): zote huvuruga kumbukumbu za mzee. Ila valiamu ya muda mrefu msiikatishe ghafla, inaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari.

Juzi alikuwa mzima, leo hajui yuko wapi. Tusubiri?
Hapana, hata siku moja. Huo si uzee, wala si pepo wa kupungwa. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa maji, kiharusi, au damu inayovuja kichwani, pengine kwa sababu alianguka wiki tatu zilizopita mkaona hakuumia. Kombe na dua hatuzikatazi, lakini gari la kwenda hospitali ya Bombo, hapa Tanga, liitwe kwanza. Mnatuletea mtu siku ya tano, halafu mnashangaa.

Kama anatumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, na ameruka mlo, shuku sukari imeshuka. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji, kisha mwende hospitali hata akizinduka, kwani inaweza kushuka tena. Asiyemeza asimiminiwe kitu mdomoni.

Kliniki tuje na nini?
Dawa zote kwenye mfuko mmoja, za kienyeji pia. Aje na anayeishi naye, si kijana aliyeshuka basi la Dar jana. Na mkiulizwa, mwacheni mzee ajibu mwenyewe kwanza.

Itageuka demensia?
Si lazima. Kwa mujibu wa mwongozo ule ule, kati ya wenye hali hii waliozidi miaka 65, karibu 15 kwa kila 100 hupata demensia ndani ya miaka 2. Wengine hubaki walivyo, wengine hurudi sawa. Arudi kupimwa kila baada ya miezi 6, atembee kila siku, presha na sukari zidhibitiwe. "Dawa ya ubongo" inayouzwa stendi muiache hukohuko. Hela hiyo inunue vidonge vya presha, ambavyo wengi wenu mnavikatiza pale tu kichwa kinapoacha kuuma.